Maji Niliyomtemea Shemeji

Mimi sijawahi kumroga mtu. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu mkienda Mghange leo mkaulizia habari za Peris, mke wa Donald, kuna watu watawaelekeza huku wamefunika midomo kwa kiganja. Watawaambia ni yule aliyemkausha shemeji yake, kisha akamrudisha mwenyewe kwa mdomo wake. La kumrudisha ni kweli. La kumkausha, muulizeni jua la Voi, maana hilo hakuna mtu aliyewahi kulikalisha kikao.

Ilikuwa themanini na nne, mwaka wa kiangazi, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Tulikuwa tunakaa tambarare, chini ya kilima cha Sagalla, kwa sababu Donald alikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya Voi, na huko juu kwao Mghange shamba la baba yao lilikuwa limegawanywa mpaka likabaki la kupanda vitunguu. Mimi kwetu ni Bura. Kwa hiyo kwa watu wa Mghange nilikuwa mgeni, tena mgeni mwenye mdomo. Hilo la mdomo silikatai.

Kiangazi kilipokaza niliwapeleka mbuzi wangu juu kwa Reuben, kaka mkubwa wa Donald, maana huko milimani kulikuwa bado na majani ya kutafuna. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Unampa ndugu yako mifugo akutunzie, mvua ikirudi unakwenda kuichukua. Reuben alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti na sauti ya chini. Basi wazee wa ukoo wakataka mbuzi wa kuombea mvua, na Reuben akawatolea mbuzi wangu, yule jike mweusi, na ana mimba. Hakuniuliza. Nilipopata habari nilipanda basi mpaka Mghange, nikasimama uani kwake, nikamwambia mbele ya mkewe na majirani, "Mmekula mbuzi wa mtu bila kumwuliza. Atawakaukia kooni."

Kisha nikarudi nyumbani, nikapika, nikalala. Hasira yangu mimi ni moto wa mabua, unawaka ukaonekana mpaka ng'ambo lakini hauivishi hata chai. Sikujua kwamba maneno yale kuna watu waliyaweka.

Mvua nayo haikunyesha.

Sasa niwaeleze jambo moja, msije mkapotea. Sisi Wadawida, watu wa milima hii, hata tukiimba kanisani kila Jumapili, tunajua kwamba hasira iliyofungiwa moyoni inaweza kumwangusha mtu wa nyumbani kwako. Si lazima uende kwa mganga. Hasira yenyewe inatosha. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira anachukua maji mdomoni, au pombe ya miwa, anasema lililokuwa limemkaa, anayapuliza nje, na hasira inatoka nayo. Ni jambo zuri, nimeliona likipatanisha ndugu waliokuwa hawapeani hata moto. Lakini lina mtego wake. Mgonjwa akipona baada ya wewe kutasa, basi ni wewe uliyekuwa umemshika. Asipopona, hukutasa kwa moyo safi. Ukishanyooshewa kidole, huna mlango wa kutokea.

Siku yenyewe Donald alikuwa ameshaenda kazini, na binti yetu Mable yuko shule ya bweni. Nilikuwa nyumbani na Mama, yaani mama mkwe wangu, ambaye alishuka kuja kukaa nasi kwa sababu baridi ya Mghange ilimwingia magotini. Tulikuwa tunaelewana. Mimi nampikia, yeye ananiambia chumvi imezidi, siku inapita.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipowaona wanakuja, Reuben na Mzee Gibson, ambaye ni baba mdogo wa akina Donald. Walikuwa wameondoka Mghange na ukungu, wakateremkia Voi mjini, kisha wakaja kwa miguu mpaka kwetu. Mzee Gibson alikuwa na shati tu na kofia ya majani. Reuben alikuwa amevaa vya ukungu: shati, sweta ya kufumwa, na juu yake lile koti zito la sufu analovaa kanisani, amelifunga vifungo vyote. Uso ulikuwa umeiva.

"Karibu, shemeji," nikamwambia. "Vua koti ukae kivulini, nikuletee maji."

"Nimeshakunywa."

"Umekunywa wapi, shemeji, na umetembea njia yote hiyo?"

"Nimekunywa, Mama Mable," akasema, macho yako kwenye mikono yangu, hayako usoni.

Nikaelewa. Ningeelewaje vingine? Koti nalo hakulivua. Mtu mzima wa heshima yake hakai na shati mbele ya mke wa mdogo wake, hilo nalijua, lakini pia lile koti lilikuwa ni kuniambia kwamba hakuja kukaa. Mzee Gibson yeye aliomba maji, ila aliyaomba kwa Mama. Mama akamchotea kikombe kutoka kwenye debe lile lile nililolibeba mimi kwa kichwa changu. Akanywa, akajipangusa mdomo, akatosheka. Nikasema moyoni, loo, kumbe sumu yangu inajua kuchagua mtu.

Reuben akatangaza kwamba amekuja kumchukua Mama. "Joto la huku litamwua," akasema. Jasho linamtiririka kidevuni, anazungumzia joto la mtu mwingine. Kisha akaanza kumuuliza Mama kwa sauti ya chini, kama daktari. Usingizi unakuja? Chakula kinakaa tumboni? Maji ya kunywa anakutekea nani? Mama akajibu kwamba usingizi upo, na chumvi inazidi. Nilikuwa jikoni, nilisikia yote, na walijua nasikia.

Nikapika ugali wa yale mahindi ya njano na majani ya kunde. Mzee Gibson akala na Mama sahani moja. Reuben akasema tumbo lake haliko sawa. Nikamletea maji tena, nikayaweka mbele yake kwenye kikombe cha bati. Akakisogeza kando kwa kidole kimoja, taratibu, vile unavyomsogeza mdudu usiyetaka kumgusa. Niliumia, sitawaficha. Mtu aliyekula mbuzi wangu anaogopa kikombe changu.

Halafu akainuka, akasema anakwenda kuangalia shamba.

Shamba gani? Kulikuwa na mabua makavu na vumbi, hata mchwa walishahama. Jua lilikuwa limesimama utosini. Wakati huo jirani yangu Nanzala, Mluhya, mke wa fundi wa reli, alikuwa amekuja kuniomba maji ya kunawa tu kwa sababu zamu yake mferejini ilikuwa kesho. Tukasimama naye jikoni tukichungulia kwenye upenyo wa ukuta. Reuben alikuwa na fimbo. Alichokora chini ya ua wa miiba. Akainua jiwe, akalitazama tumboni, akalirudisha. Akaenda nyuma ya choo, akachimba na ncha ya fimbo, akapiga magoti, akafukua kwa mkono.

"Anatafuta nini yule mzee?" Nanzala akauliza.

"Ananitafuta mimi," nikamjibu.

Alikuwa anatafuta nilichokizika. Vinyweleo vya mbuzi, kitambaa, sijui walimwambia atakuta nini. Mwanzo nilicheka. Kisha nikaona anavyopepesuka akiinuka, nikatoka mpaka kizingitini nikamwita. "Shemeji, rudi kivulini. Hilo si jua la Mghange." Alishtuka kama mtu aliyekutwa ghalani kwa watu, akanipa mgongo, akasogea mbali zaidi, mpaka nyuma ya banda la kuku. Nikamwita tena. Hakugeuka. Nikasema, haya, tafuta baba, ukipata dhahabu tugawane.

Tukasikia kuku wanapiga kelele. Tulipofika alikuwa ameanguka kifudifudi, mkono mmoja bado uko chini ya banda.

Nitawaambia ukweli, nilidhani anaigiza. Nilidhani ameanguka kwangu makusudi ili pawe na neno la kusema kwenye kikao. Nikamshika shavu nimgeuze, na mkono wangu ukaruka wenyewe. Alikuwa moto kuliko mtoto mwenye homa, na alikuwa mkavu. Lile jasho lote la asubuhi lilikuwa limekwisha, hakuna hata unyevu chini ya kola. Macho yako wazi, hayamwoni mtu. Akasema, "Fungeni mlango, ukungu unaingia." Akarudia tena, ukungu unaingia, na meno yanasagana.

Nilishawahi kuona hivyo. Kabla sijaolewa nilifanya kazi ya vibarua kwenye shamba moja la mkonge, na kule mkata mkonge mmoja aliyeitwa Okoth alianguka katikati ya mistari, mkavu vile vile, anaongea na watu wa kwao. Wenzake walimvua nguo, wakamlowesha, wakampepea na magunia mpaka akajua jina lake. Mwingine, siku nyingine, waliambiwa wamwache apumzike kidogo. Huyo alipumzika moja kwa moja.

Nikakimbia jikoni nikachukua debe. Lilikuwa na maji zaidi ya nusu, yote tuliyokuwa nayo. Niliporudi Mzee Gibson alikuwa ameshafika, na alikuwa ameilaza fimbo yake mbele yangu kunizuia njia.

"Weka chini," akasema.

"Mzee, mtu anaungua."

"Maji yako ameyakataa akiwa na akili zake. Hatutampa sasa akiwa hana."

"Simpi anywe. Nataka nimmwagie."

"Ndiyo hayo hayo."

Nanzala akasema basi alete yeye debe, ammwagie kwa mkono wake. Mzee Gibson akamuuliza, "Maji yenyewe ya nyumba gani?" Kwa Nanzala hakukuwa na hata tone. Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani nyinyi mnangoja nini?" akasema, kisha akatoka mbio kwenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mungu ambariki popote alipo.

Mama naye akawa amejikokota mpaka pale na mkongojo wake. Akainama akamtazama mwanawe. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi umegandia kwenye meno. Mama akaniangalia, na hakuwa na hasira hata kidogo, angalau angekuwa na hasira. Alikuwa ananiomba.

"Mama Mable," akasema, "wewe ulisema atawakaukia kooni. Mtazame koo."

"Mama, hili ni jua. Na koti. Na hajanywa kitu tangu asubuhi."

"Jua linawaka kila siku, mwanangu. Mbona leo?"

Mzee Gibson akasema kile nilichojua atakisema, kwamba hapa kuna mtu mmoja tu anayeweza kumsaidia, na amsaidie upesi. Hakulitaja jina langu. Walinitazama tu, wote wawili.

Niliuona mtego wote, kuanzia mlango mpaka kamba. Nikitasa akafa, mimi ndiye. Nikitasa akapona, mimi ndiye, tena na ushahidi. Nikikataa, atakufa pale pale nyuma ya kuku wangu, na hapo hakuna hata atakayehitaji kuuliza. Nilimchukia Reuben dakika ile kwa kuchagua kuanguka kwangu. Lakini alikuwa anakufa, jamani. Alikuwa na watoto wanaomwita baba, na mdomo wake ulikuwa unatafuta hewa. Na mbele yangu kulikuwa na debe la maji. Hawakutaka yamguse kutoka mkononi mwangu. Kutoka mdomoni mwangu wanataka. Basi nikasema kama ni mdomo, yatapita kwenye mdomo, yote, mpaka tone la mwisho.

"Haya," nikasema. "Natasa. Lakini natasa kwa njia ya kwetu Bura."

"Njia gani hiyo?" Mzee Gibson akauliza.

"Kwanza, kwetu hatumtasii mtu amelala juani. Abebwe kivulini."

Akanikazia macho. Lakini akamshika miguu, mimi nikashika mabega, tukamburuta mpaka chini ya mgunga, mahali upepo wa Sagalla unapopita.

"Pili, hatutasi juu ya koti. Maneno hayapenyi sufu."

"Tangu lini?"

"Tangu babu yangu. Mvue, mzee, au nimvue mimi."

Hilo la mimi kumvua shemeji lilimtosha. Akalifungua koti, akavuta ile sweta, akafungua shati mpaka kitovuni. Nikasema la tatu: apepewe kwa ungo wakati wote, ili hasira ikitoka ichukuliwe na upepo isije ikarudi. Mama akaketi chini na magoti yake mabovu, akashika ungo, akaanza kupepea. Hayo yote nilikuwa nayatunga pale pale. Kwetu Bura hawajui hata nusu yake.

"Na mimi nina neno," Mzee Gibson akasema. "Usimeze. Ukimeza hata tone, umeirudisha moyoni. Nitakutazama koo."

Na kweli akachutama mbele yangu, akanikazia shingo. Mimi toka asubuhi nilikuwa sijanywa. Nilikuwa nimewachotea wageni kwanza, na debe lilikuwa la kubania. Nikaweka maji mdomoni, yalikuwa ya uvuguvugu na yana ladha ya bati, na sijawahi kutamani kitu maishani kama nilivyotamani kuyameza. Nikayarudisha kiganjani, nikasema neno langu kwanza, kisha nikayachukua tena, nikapuliza.

"Kama nilikukasirikia kwa mbuzi wangu mweusi, itoke." Kichwani.

"Kama nilikukasirikia kwa mimba yake, itoke." Shingoni.

"Kama nilikukasirikia kwa kutoniuliza, itoke." Kifuani, kwapani, kule walikomlowesha Okoth zaidi.

Habari za mbuzi zikaisha na debe bado lina maji mengi. Kutasa bila kusema ni kumtemea mtu mate tu, Mzee Gibson asingekubali. Nikarudi nyuma. Nikamtajia blanketi alilotoa kwenye harusi yetu, lililokuwa na tundu. Nikamtajia siku aliyoniita "yule wa Bura" mbele ya mchungaji. Nikamtajia paja la kuku la Krismasi, alilochukua na lilikuwa limewekwa la Mable. Kila jambo na funda lake. Mengine nilikuwa nimeyasahau miaka, yalikuwa yanatoka yenyewe. Mengine niliyatunga, Mungu anisamehe, nikamsingizia hata kunikanyagia miche ya sukumawiki. Midomo ilikuwa imekufa ganzi, mashavu yanauma, na ile kiu ilikuwa inanipanda kichwani. Kila nikivuta pumzi Mzee Gibson anasogeza shingo yake karibu kuona kama koo langu limecheza.

Na katikati ya yote nikamwona anatikisa kichwa. Anamtazama Mama, Mama anamtazama yeye. Walikuwa wanahesabu. Kumbe alikuwa nayo mengi hivi. Nikaona jinsi ninavyojifunga kamba mwenyewe, funda kwa funda, na sikuweza kusimama, maana ngozi ya Reuben ilikuwa imeanza kupoa chini ya mkono wangu.

Maji yalikuwa yamefika chini ya debe alipokohoa. Akafumba macho, akafumbua, safari hii akaona majani ya mgunga. Akasema, "Maji."

"Mpeni kidogo kidogo," nikasema. "Msimjaze."

Mama akamwekea kikombe mdomoni. Kilikuwa kikombe kile kile cha bati alichokuwa amekisogeza kwa kidole. Akanywa, akapumzika, akanywa. Nilikaa chini nikalia. Si kwa ajili yake tu.

Nanzala akarudi na pikapu ya mtu wa mboga. Tulimpakia Reuben nyuma, juu ya magunia matupu, na Mzee Gibson akapanda kumshikilia. Kabla hawajaondoka mzee aliniita pembeni ya gari. Sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyoniumiza.

"Asante, Mama Mable. Umefanya vizuri kumwachilia."

"Mzee, sikumshika. Ni jua."

"Ni sawa. Yamekwisha." Akafikiri kidogo. "Lakini zile njia za Bura. La koti, la ungo. Uliyajulia wapi yote hayo, kama huna mazoea?"

Kila nilichokifanya kumwokoa kilikuwa kimeshapangwa upande wao. Nikageuka nimtafute Mama, yeye ambaye nimempikia na akaniambia chumvi imezidi, nikamwona anatoka ndani ya nyumba na kifurushi chake. Alikuwa amefunga kanga, sahani yake, na blanketi. Blanketi halichukuliwi na mtu anayekwenda hospitali kumwona mgonjwa akarudi.

"Mama, unakwenda?"

"Nakwenda kumwuguza mwanangu," akasema. Akanishika mkono, akauachia upesi. Nanzala ndiye aliyemsaidia kupanda.

Nikabaki na kuku na debe tupu. Sikwenda kuomba maji kwa mtu. Niliona hakuna mlango ambao ningebisha siku ile wakanipa bila kunitazama koo. Nanzala alikuwa mtu wangu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekuja kuomba kwangu. Nikakaa kizingitini kumngojea Donald, kwa sababu Donald anajua mambo. Ni mtu wa stesheni, anaona vibarua wanavyoanguka kwenye mabehewa kila kiangazi, yeye mwenyewe ndiye huwaambia waje na chupa ya maji na wafungue mashati. Nilisema moyoni, akija Donald tutacheka. Hata kama Mghange nzima itanikataa, nitakuwa na nyumba yangu na mtu mmoja anayejua kwamba ni jua.

Alikuja jua likizama, amebeba mtungi wa maji kutoka stesheni. Alikuwa amepitia hospitali.

"Anaendeleaje?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya kunguru.

"Amekaa, anaongea. Wamemtundikia maji." Akautua mtungi. "Daktari amesema ni jua. Koti lile, na kutokunywa. Amesema waliompoza kabla ya kumleta ndio waliomwokoa, wangechelewa kidogo angekuwa maiti."

Nikacheka kweli, na midomo ikapasuka. "Si ndivyo nilivyowaambia? Uliwaambia akina Mzee Gibson?"

"Daktari aliwaambia mwenyewe."

"Wakasemaje?"

"Walimshukuru," Donald akasema. Kisha akasema, "Wamesema daktari anajua magonjwa ya hospitali."

Akaingia ndani. Nikamsikia anatafuta kitu jikoni, kisha anamimina maji, na ile sauti ya maji kwenye kikombe iliniamshia kiu upya. Nikasema moyoni, ameona midomo yangu. Ameona, hata sikuhitaji kumwambia. Akatoka na kikombe mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameshika ungo.

Aliviweka vyote juu ya kigoda, akakisogeza kigoda mahali upepo unapopita. Akaketi chini, akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, hanitazami.

"Mama Mable," akasema, "mimi najua ni jua. Unajua mimi najua. Lakini wameniambia ulivyokuwa nayo mengi, mpaka ya harusi." Akalivua shati, akalikunja vizuri, akaliweka magotini. "Na mimi ndiye ninayeishi nawe. Kama kuna neno limebaki juu yangu, lolote, nitasie tu. Yaishe."

Akainamisha kichwa, akanionyesha utosi wake, akangoja.

Nikakichukua kile kikombe. Sikuwa na kitu juu ya Donald asubuhi ile, wala mchana, hata nilipokuwa nachokonoa maisha yangu yote kutafuta maneno ya kumtemea kaka yake, jina la Donald halikunijia mdomoni. Nikayanywa yale maji. Nikayanywa taratibu, funda moja baada ya jingine, mpaka akainua kichwa akaliona koo langu likimeza, na sikuacha mpaka kikombe kikawa kitupu. Hasira nayo nikaimeza, kwa sababu sasa nilikuwa nayo.